Mienge Mitatu Kushoto, Mitatu Kulia: Jinsi Moto Ulivyofundishwa Kusema

La mgambo likilia lina jambo. Waliotunga methali hii walizijua ishara, maana waliishia palepale zinapoishia: lina jambo. Ni jambo gani, pembe haisemi. Mtu aliye shambani akisikia baragumu likilia kijijini anajua anaitwa, lakini hajui kama ni msiba, ni mkutano, au ni simba kaingia zizini. Ili ajue, hana budi kutua jembe na kwenda kusikiliza.

Moto unaowashwa juu ya kilima ni la mgambo la macho. Kwa maelfu ya miaka haikuwepo njia ya kupeleka habari mbali iliyoushinda kwa kasi. Mkimbiaji huishiwa pumzi, farasi hutaka maji na majani, jahazi hungoja msimu. Mwanga hufika papo hapo. Ila ulifika ukiwa bubu. Kinachonivuta mimi katika historia hii ni jinsi watu walivyohangaika kuutoa moto ububu wake, kutoka "kuna jambo" mpaka "jambo lenyewe ni hili, na idadi yao ni hii".

Kwanza tuondoe dhana moja. Filamu za Marekani zimetuzoesha kuona wenyeji wa bara lile wakifunika na kufunua moto kwa blanketi, mafungu ya moshi yakapanda, na mtu wa upande wa pili akasoma sentensi nzima. Moshi hauiwezi kazi hiyo. Upepo ukivuma kidogo mafungu mawili yanakuwa moja, na moja linatawanyika lisionekane. Waapache na jamii jirani kweli waliutumia moshi, lakini maana ya ishara ilikuwa imepatanwa kabla na wenyewe, na maana hizo zilikuwa chache.

Hapo ndipo pa kushika. Moto hauna maana yake wenyewe. Maana huwekwa na watu waliokaa pamoja mapema, wakakubaliana. Usiku wa tarehe 18 Aprili 1775 huko Boston, kandili mbili zilipandishwa kwa muda mfupi kwenye mnara wa kanisa. Kwa mpita njia zilikuwa taa mbili tu. Kwa waliokuwa wakingoja ng'ambo ya mto, zilikuwa habari kamili: askari wa Uingereza wanakuja kwa njia ya maji. Ingewashwa moja, ingekuwa wanakuja kwa nchi kavu. Na giza nalo lilikuwa na maana yake, kwamba bado hawajaondoka. Taa mbili, habari tatu.

Mwenge wa Uhuru ulifanya kazi kwa namna hiyohiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliusimamisha kwenye kilele cha Kilimanjaro. Ukipiga hesabu ya mviringo wa dunia, mtu aliye kwenye mita 5,895 upeo wake wa macho unafika kama kilomita 274. Dar es Salaam iko mbali zaidi ya kilomita 400. Kwa hiyo waliokuwa wakishangilia Dar usiku ule hawakuuona mwenge wenyewe, na hata pungufu ya umbali huo ni mwali mdogo mno kwa jicho. Lakini ujumbe ulikwisha kutamkwa tangu Oktoba 1959, Nyerere aliposema mbele ya Baraza la Kutunga Sheria kwamba tungewasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu, ulete tumaini pasipo na matumaini. Moto wa 1961 ulikuwa sahihi tu chini ya maneno ambayo nchi nzima ilikuwa nayo tayari.

Hesabu ya upeo si ngumu, na ndiyo iliyoamua moto uwekwe wapi. Chukua kimo cha mahali kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 3.57, jibu ni kilomita. Kilima cha mita 100 kinakupa kama kilomita 36. Mlima wa mita 1,000 unakupa 113. Anayetazama naye akiwa juu, upeo wake unajumlishwa na wako. Waliojenga vituo vya moto zamani hawakuwa na kanuni hii kwenye karatasi, lakini waliipata kwa miguu: walipanda, wakatazama, wakajua kilele kipi kinaonana na kipi.

Kisha kuna kazi ya kila siku, ambayo hadithi huiruka. Kuni lazima ziwe kavu, zifunikwe, ziwe tayari mwaka mzima kwa usiku mmoja ambao huenda usije. Mchana mwali hauonekani, kwa hiyo unahitajika moshi, na moshi mzito hutoka kwenye majani mabichi au nyasi zenye unyevu. Lazima awepo mtu asiyelala. Na ukungu ukishuka, yote hayo ni bure.

Katika jangwa la kaskazini mwa China, mahali panapoitwa Juyan, wachimbuaji wa karne ya 20 walikuta maelfu ya vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa na walinzi wa mpakani wa enzi ya Han, miaka 2,000 hivi iliyopita. Baadhi yake ni kanuni za moto wa mpakani, na kwangu ni miongoni mwa maandishi ya kusisimua sana ya kale, kwa sababu yaliandikwa na watu waliokuwa kazini. Kanuni zinataja vikapu vya kupandishwa kwenye mlingoti mchana, mienge ya usiku, na malundo ya kuni ya kuchomwa, kila kimoja kwa idadi yake kufuatana na adui alivyo na mahali alipoonekana. Zinasema pia: upepo ukiwa mkali au mvua ikinyesha na moto ukashindikana, pelekeni barua haraka, mtu akimbie, farasi apigwe mbio. Na ishara ikiwa imetolewa kwa makosa, shusheni vikapu upesi, zimeni moto, kisha andikieni makao makuu. Watu hawa walikwisha kujua kwamba chombo chao hukosea, wakakiwekea dawa mapema.

Njia nyepesi ya kuongeza maana ni kuongeza moto. Bunge la Scotland liliweka sheria mwaka 1455: moto mmoja, Waingereza wanasogea, miwili, wanakuja kweli, minne kwa mstari, wanakuja na jeshi kubwa. Njia hii inasaidia, lakini angalia gharama yake. Kila habari mpya inadai lundo jingine la kuni, na baada ya malundo manne au matano mtu aliye mbali hawezi tena kuyahesabu kwa uhakika. Kwa mtindo huo hutapata nafasi ya kusema kwamba daraja limevunjika, au kwamba mtu wenu mmoja amewasaliti.

Wagiriki walilikabili tatizo hili kwa akili ambayo bado inanishangaza kila ninapolirudia. Katika karne ya 4 KK, mwandishi wa mambo ya vita tunayemjua kama Aeneas Tacticus alipendekeza mitungi. Unatengeneza miwili inayofanana kabisa, kina dhiraa tatu, upana dhiraa moja. Kila mmoja una tundu chini, na matundu yawe sawasawa. Juu ya maji inaelea kizibo kikubwa, na katikati ya kizibo imesimama fimbo iliyogawanywa kwa alama, kila sehemu vidole vitatu. Kwenye kila sehemu imeandikwa habari moja: wapanda farasi wameingia nchini, askari wa miguu wenye silaha nzito, meli, ngano, na kadhalika. Mtungi mmoja unakaa kilima hiki, mwingine kilima kile.

Mwenye habari anainua mwenge. Wa upande wa pili anainua wake, maana yake niko tayari. Wa kwanza anaushusha, na hapohapo wote wawili wanafungua matundu. Maji yanatoka, kizibo kinazama taratibu, fimbo inashuka nacho. Habari inayotakiwa ikifika kwenye ukingo wa mtungi, mtumaji anainua mwenge tena. Mpokeaji anaziba tundu, anasoma kilichoandikwa ukingoni. Kwake napo fimbo imesimama palepale.

Ukiutazama vizuri, moto hapa haukubeba habari yoyote zaidi ya "anza" na "simama". Habari ilibebwa na muda uliopita kati ya mienge miwili. Mitungi ilikuwa saa.

Fikra hiyo ilirudi miaka 1,200 baadaye, kwa ukubwa zaidi. Katika karne ya 9, wakati wa mfalme Theophilos wa Bizanti, kulikuwa na mlolongo wa vituo vya moto kutoka ngome ya Loulon, karibu na mpaka wa Waarabu katika Uturuki ya leo, hadi kwenye jumba la kifalme Konstantinopoli, Istanbul ya leo. Vituo vilikuwa tisa, kwa umbali wa kilomita 700 na ushee. Msomi mmoja wa mji huo, ambaye historia inamwita Leo Mwanahisabati, alitengeneza saa mbili zinazokwenda pamoja, moja Loulon na nyingine ikuluni, na kila saa kati ya 12 ikapewa habari yake. Moto ukiwashwa saa ya kwanza ni uvamizi, saa ya pili ni vita, na kuendelea hadi kumi na mbili. Wataalamu wanakadiria kwamba moto ulichukua kama saa moja kupita vituo vyote. Wanahistoria wa Bizanti waliomchukia Michael wa Tatu, mwana wa Theophilos, wanasimulia kwamba aliamuru vituo vya karibu na mji vizimwe ili habari mbaya zisiharibu mashindano yake ya farasi. Huenda walimwonea, lakini wanatuonyesha jambo la kweli: mlolongo wa moto hauna nguvu kuliko yule anayeupokea mwishoni.

Mitungi na saa zote zina kasoro ileile, na aliyeieleza wazi ni Polybius, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 2 KK. Yeye anasema hivi: hamuwezi kuandika kwenye fimbo jambo ambalo hamkulitazamia. Mtaandika "meli", lakini je, ngapi, na zimetia nanga wapi? Na mambo yanayohitaji kupelekwa haraka kuliko yote ni yaleyale ambayo hayakutazamiwa: mji umeasi, raia wameuana. Orodha iwe ndefu namna gani, maisha yataishinda.

Tiba aliyoieleza, ambayo anasema ilianzishwa na Cleoxenus na Democleitus naye akaikamilisha, ni kuacha kupeleka habari na kuanza kupeleka herufi. Mwenye herufi anaweza kusema lolote, hata lile ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria. Herufi za Kigiriki ni 24, naye akazigawa katika vibao vitano, herufi tano kwa kila kibao, cha mwisho nne. Nilipokuwa nikilisoma hilo nilizihesabu zetu, kama tunavyozipanga kuanzia A hadi Z, bila Q na X, na CH ikiwa moja. Nazo ni 24. Kwa hiyo mpango wa Polybius unaingia kwenye Kiswahili bila kupunguza wala kuongeza kitu:

Kibao cha 1: A, B, CH, D, E
Kibao cha 2: F, G, H, I, J
Kibao cha 3: K, L, M, N, O
Kibao cha 4: P, R, S, T, U
Kibao cha 5: V, W, Y, Z

Mienge ya upande wa kushoto inataja kibao. Mienge ya kulia inataja herufi ni ya ngapi katika kibao hicho. Tuseme unataka kupeleka neno MELI. M iko kibao cha tatu, nafasi ya tatu: mienge mitatu kushoto, mitatu kulia. E ni kibao cha kwanza, nafasi ya tano: mmoja kushoto, mitano kulia. L ni mitatu na miwili. I ni miwili na minne. Umeinua mienge 23 kwa neno moja la herufi nne.

Polybius aliijua gharama hiyo, na ushauri wake unanikumbusha enzi za simu za maandishi, tulipolipia kila neno. Chagua maneno yenye herufi chache kadiri uwezavyo, anasema. Mfano wake ni wa askari 100 waliotorokea kwa adui. Badala ya sentensi ndefu, sema Wakrete mia wametutoroka. Kwa Kiswahili, "Askari wetu wapatao mia moja wametoroka na kujiunga na adui" ni herufi 50. "Askari mia wametoroka" ni 19. Aliye vitani ataelewa.

Mwaka jana nilijaribu mpango huu na mpwa wangu wa kidato cha pili, ufukweni, usiku usio na mwezi. Hatukuwa na mienge. Kila mmoja alishika simu mbili, moja mkono wa kushoto na moja wa kulia, na tukakubaliana kuhesabu mimweko badala ya mienge. Alikaa mbali kama mita 300, kitabu cha kuandikia mapajani. Nikatuma MELI. Baada ya dakika mbili na zaidi akanipigia: "Mjomba, meki ni nini?" Mmweko mmoja wa mkono wangu wa kulia ulimpita, L ikawa K.

Mkanganyiko mkubwa zaidi ulikuja alipotuma yeye. Gizani, taa moja ikiwaka peke yake, huwezi kujua kama ni ya kushoto au ya kulia, kwa sababu hakuna kitu kingine cha kulinganisha nacho. Na hata tulipojua, tukabishana: kushoto kwake au kushoto kwangu? Niliporudi nyumbani kusoma tena maelezo ya Polybius nilikuta kila tulichogongana nacho kimetajwa. Kila kituo, anasema, kiwe na kiambaza cha kimo cha mtu upande wa kushoto na kingine upande wa kulia, ili mwenge ukiinuliwa utokeze wazi na ukishushwa upotee kabisa. Mpokeaji awe na bomba la kutazamia lenye njia mbili, moja inaona upande wa kulia tu na nyingine wa kushoto tu. Vibao vya herufi visimamishwe karibu na bomba. Mtu aliyeandika hivyo aliwahi kukaa gizani akahesabu taa, na akakosea kama sisi.

Swali ambalo watu huniuliza nikiwasimulia haya ni moja: kama njia ilikuwa nzuri hivyo, mbona dunia haikuitumia? Jibu liko kwenye gharama. Inataka watu wengi kila kituo, wote wanaojua kusoma, katika zama ambazo wasomi walikuwa wachache. Polybius mwenyewe alikiri kwamba inahitaji mazoezi, akaifananisha na kujifunza kusoma: asiyejua herufi akimwona mtoto anasoma kitabu mfululizo atadhani haiwezekani. Pia jicho lina mpaka wake. Taa mbili zikikaribiana sana huwa moja machoni. Kwa umbali wa kilomita 1 zinahitaji kuachana kama sentimita 30, na kwa kilomita 10 kama mita 3, na hiyo ni kwa macho mazuri na hewa safi. Mienge mitano inayohesabika kutoka kilima cha pili inadai jukwaa pana. Majeshi mengi yalitosheka na "wanakuja".

Kilichokosekana kilikuwa darubini. Ilipoonekana Ulaya mwanzoni mwa karne ya 17, ilikuwa ni suala la muda tu. Mfaransa Claude Chappe alifungua mstari wake wa kwanza kati ya Paris na Lille mwaka 1794, minara yenye mikono ya mbao inayopindwa, kila mlinzi akimtazama jirani yake kwa darubini na kuiga alichokiona. Mwaka huohuo habari ya kukombolewa kwa mji wa Condé ilifika Paris siku ileile. Kitabu chake cha siri kilikuwa na kurasa 92, kila ukurasa mistari 92: ishara ya kwanza inataja ukurasa, ya pili inataja mstari. Ni kibao na nafasi, ileile ya Polybius, ila sasa ina maneno na mafungu ya maneno 8,464. Miaka 75 baadaye Henry Mance, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi India, aliweka kioo kinachochezeshwa kwa kidole, jua likawa ndilo taa; na mwaka 1894 askari wa Marekani walipeleka ujumbe kwa vioo vya namna hiyo kati ya milima miwili iliyoachana kilomita 295.

Vibao vya Polybius vimeishi mpaka kwenye magereza. Wafungwa wa kivita wa Kimarekani huko Vietnam ya Kaskazini, kuanzia mwaka 1965, walizungumza kwa kugonga kuta: mistari mitano, nafasi tano, K ikaazimwa kwenye C ili herufi 26 zitoshe. Mtu aliyefungwa peke yake miezi mingi alipata jirani kwa vifundo vya vidole. Hawakuhitaji moto wala macho. Mpango wenyewe ulitosha.

Bado halijasemwa jambo moja, nalo ni imani. Ishara inayoonekana na wote inaweza pia kukosewa na wote. Wachina wana kisa cha kale cha mfalme You wa Zhou, aliyewasha moto wa hatari bila hatari ili mkewe Bao Si acheke. Wakuu wakaja mbio na majeshi, wakakuta mzaha, na adui alipokuja kweli, moto ukawashwa na hakuja mtu. Mji mkuu ulianguka mwaka 771 KK. Anguko lile ni historia, kisa cha moto ni hekaya, lakini waliokisimulia walijua walichokuwa wakikihofia. Cha kweli kabisa ni cha Januari 1804, Waingereza walipokuwa wakingoja Napoleon avuke bahari. Mlinzi wa ngome ya Hume, mpakani mwa Scotland, aliona moto kwenye kilima cha Dirrington Great Law, akawasha wake. Kilima kwa kilima nchi ikaamka, na watu wa kujitolea kama 3,000 wakatoka na silaha. Moto wa kwanza ulikuwa wa wachoma makaa.

Roma nayo ilipatwa. Tarehe 26 Oktoba 1958, makadinali wakiwa wamefungiwa kumchagua papa, moshi ulitoka kwenye bomba la kanisa dogo la Sistina ukionekana mweupe. Redio ya Vatikani ikatangaza papa kapatikana. Kisha moshi ukabadilika mweusi. Papa alikuja kupatikana siku mbili baadaye. Siku hizi hawaachii bahati. Moshi mweusi hutengenezwa kwa paklorati ya potasiamu, anthrasini na salfa. Mweupe kwa klorati ya potasiamu, sukari ya maziwa na utomvu wa msonobari. Na tangu 2005 kengele za Mtakatifu Petro hupigwa kuuthibitisha ule mweupe. Ishara ya pili kuithibitisha ya kwanza: ndiyo barua iliyokimbizwa na farasi wa Juyan, ndio mwenge wa mpokeaji katika mitungi ya Aeneas.

Sisi wa pwani tunalibeba jambo hili mdomoni bila kulifikiri. Neno mnara tulilipata kwa Waarabu, manara, mahali pa nuru, na ni ukoo mmoja na nuru na nari. Minara ya taa ilikuja baadaye: ule wa kisiwa cha Chumbe ulijengwa 1904, na kabla yake ulikuwepo mwingine mbele ya Beit al-Ajaib, Unguja, ulioharibiwa vibaya na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Mnara wa taa hausemi maneno, lakini nao una mapatano yake: mimweko mingapi, kila baada ya sekunde ngapi, imeandikwa kwenye ramani za mabaharia, ili nahodha akiihesabu ajue yuko mbele ya mwamba upi. Na sasa tukisema mnara bila kuongeza neno, wengi hufikiri wa simu. "Hapa hakuna mnara," anasema mtu akipandisha kichuguu kutafuta mtandao, kama mlinzi wa zamani akitafuta kilele kinachoonana na kingine.

Nuru yenyewe pia imerudi kazini. Waya wa kwanza wa telegrafu wa chini ya bahari ulioiunganisha Zanzibar na Aden mwaka 1879 ulipitisha umeme. Mkonga wa SEACOM uliofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 hupitisha mwanga, ndani ya uzi wa kioo, ukibadilishwa mabilioni ya mara kwa sekunde. Mwanga huo hufifia njiani, kwa hiyo mikonga ya namna hii huwekewa vituo vya kuutia nguvu kila baada ya makumi ya kilomita sakafuni mwa bahari. Kati ya Loulon na Konstantinopoli, kituo hadi kituo, ilikuwa wastani wa kilomita 90.

Nilipomaliza kuandika rasimu hii nilimtumia mpwa wangu aisome, nikamwomba aniambie kama imefika. Alijibu kwa namba tupu:

3-4, 2-4, 3-3, 1-5, 3-5, 3-4, 1-1.